Siku Mbili Kabla ya Jumapili

Binti yangu ameshafanya kazi sita tangu amalize chuo cha ualimu, na kila alipobadilisha mimi nilikosa usingizi. Wenzake walioanza pamoja naye wako kwenye madarasa yaleyale, wanajulikana: huyu ni wa Jiografia, huyu ni wa Kemia. Wangu ukiniuliza ni mwalimu wa nini, inabidi kwanza nikuulize unamtaka wa mwaka gani.

Alianza na darasa la kwanza. Watoto tisini na wanne katika chumba kimoja, na yeye na chaki yake. Jioni alirudi sauti imekauka kabisa, akawa ananiomba maji kwa kidole, lakini anacheka. Kulikuwa na mtoto mmoja ambaye wiki ya kwanza nzima alikataa kukaa chini. Binti yangu akamwacha asimame, akamfundisha herufi akiwa amesimama pale ukutani.

"Akakaa lini?" nilimuuliza.

"Siku miguu ilipomuuma, mama."

Siku hizo alikuwa ananisimulia kila kitu. Nilijua watoto wake kwa tabia zao, nikawa nawaulizia hali kama wajukuu.

Baadaye akasomea hesabu, akahamia sekondari. Nilianza kuzoea kusema "mwanangu anafundisha hesabu", maana ni neno linalowanyamazisha watu, naye akaomba kufundisha darasa la watu wazima. Madereva wa malori, wauza mboga, mlinzi wa benki, na mimi. Shule niliiacha darasa la nne, mama yangu alipougua na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu. Kwa hiyo niliketi dawati la nyuma nikamwita "mwalimu" kama wengine, naye akaniita "mama" kama alivyowaita wanawake wote mle ndani. Mara nyingine sikujua kama anayeitwa ni mimi. Kuandika hivi ninavyoandika nilijifunza pale.

Halafu akawa matroni wa bweni la wasichana. Hapo nilimshukia.

"Umesoma hesabu uende kuhesabu magodoro?"

"Na mashuka, mama. Usisahau mashuka."

"Unarukaruka kama panzi."

"Panzi naye anakula."

Bwenini ndiko alikojifunza kwamba msichana hasemi ukikaa mbele yake na kumkazia macho. Husema ukiwa unafua naye soksi, kila mtu anatazama beseni lake. Akaanza kusomea ushauri nasaha kwa njia ya posta, miaka miwili, vitabu juu ya meza ya jikoni, mimi nakata vitunguu pembeni. Alipomaliza, shule moja ya kutwa hapa mjini kwetu ikampa stoo ya vifaa vya michezo. Alitoa mipira na nyavu, akapaka chokaa, akaweka viti viwili vinavyotazama dirishani, ubavu kwa ubavu, ili mtoto asijione kama yuko mbele ya hakimu. Wanafunzi walimpa jina la Taratibu, kwa sababu kila anayeingia akilia au akifoka, neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Taratibu. Tuna muda.

Nilimwona anang'aa kwenye kazi ile. Alikuwa anaondoka mapema, anarudi saa kumi na mbili, na usoni ana ile hali ya mtu aliyekula akashiba. Watoto aliowafundisha darasa la kwanza walikuwa sasa wanakuja chumbani kwake na ndevu zinaanza kuota. Kila kazi aliyowahi kufanya ilimsaidia pale. Hata mimi mwenye wasiwasi niliona kwamba panzi amefika shambani.

Lakini mdomo wake ulifungwa. Mambo ya mle chumbani hayatoki, alisema, hata kwa mkuu wa shule, labda maisha ya mtoto yawe hatarini. Mume wangu alishafariki, kijana wangu mkubwa anafanya kazi mbali, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Jioni nilimpakulia chakula nikauliza, "Habari za kazini?" Akajibu, "Salama." Nikangoja. Hakuna kingine. Nilikuwa nakaa mbele ya mtu aliyesikiliza dunia nzima mchana kutwa, na kwangu amebaki na neno moja. Simlaumu. Nasema tu jinsi nyumba ilivyokuwa kimya.

Aliyebaki wa kuongea naye alikuwa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulilea pamoja. Mtoto wake wa mwisho tulimwita Kasuku, maana alipokuwa mdogo alikuwa haishiwi maneno. Ukimwacha mlangoni anaongea na mlango. Mwaka huo Kasuku alikuwa kidato cha nne, shule ileile ya binti yangu, na maneno yalikuwa yamemwishia.

Alhamisi moja, saa kumi alasiri, alikuja nyumbani kwetu na sare yake. "Shikamoo, mama mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Akauliza kama Mwalimu amerudi. Siku hiyo binti yangu alikuwa na mafua, amerudi mapema. Wakakaa jikoni. Mimi nikatoka nje kuanika nguo, kama mtu mwenye adabu zake. Lakini kamba yangu ya nguo inapita chini ya dirisha la jikoni, na beseni lilikuwa limejaa.

"Wiki ngapi sasa?" nilimsikia binti yangu.

"Tatu. Hii ya nne."

"Na asubuhi unatoka na sare, unaenda wapi?"

"Maktaba ya mji. Nakaa upande wa magazeti. Mlinzi anadhani natafuta kazi."

Wakacheka kidogo. Kisha Kasuku akasema, sauti imeshuka, "Nikiwekewa karatasi ya mtihani mkono unaganda, mwalimu. Siyo uvivu. Unaganda kabisa, kalamu inaanguka."

"Najua siyo uvivu."

"Darasani nilipeleka barua kwamba naumwa. Niliiandika mwenyewe. Na mama anashona gauni la mahafali."

"Nani atamwambia?"

"Mimi. Jumapili. Jumapili hashoni, mikono yake haina kazi, ananitazama usoni."

"Haya, Jumapili. Nimeshamwomba mkuu wa shule asimwite mzazi mpaka Jumatatu, na huku kuganda kunatibika, nitakuonyesha namna. Unataka niwepo?"

"Uwe nyumbani tu. Nikikupigia, uje."

"Nitakuwa hapa tangu asubuhi."

Niliendelea kuanika. Nguo nyingine niliziondoa nikazianika upya.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Siri ni ya mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye wa kuifungua, siku aliyoichagua mwenyewe. Alishaniambia zamani, wakati bado anasoma kozi, kwamba mtoto akifika mwenyewe kwa mzazi na neno gumu mkononi, amekwisha kupona nusu. Nilikuwa nalijua hilo. Siwezi kusema sikujua.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa fundi.

"Mama Mwalimu! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukaa tu."

"Kaa, ila usikalie pindo. Ukilikunja nitakushona nalo."

Gauni lilikuwa la bluu, mikono imeshaunganishwa. Akalinyanyua, akalipima kifuani kwake mwenyewe, mwanamke mnene vile, tukacheka. "Kiunoni nimeacha nafasi, maana siku hizi amekonda kwa kusoma. Jana ananiambia jaribio la hesabu amepata sabini na mbili. Sabini na mbili, mwenzangu! Mimi nikipima kiuno cha mteja narudia mara tatu."

Nilitazama sakafuni, vipande vya kitambaa vya bluu.

"Mbona umenyamaza?" akasema. "Mwanao amekuambia kitu?"

Nimefikiria sana saa ile. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilimhurumia. Kwamba kama angekuwa wangu anayekaa maktaba na sare, ningetaka niambiwe. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa na habari. Kulikuwa na mtu ananitazama, anangoja niseme, na nilikuwa na kitu cha kusema.

Nikamwambia. Wiki nne, maktaba, barua, sabini na mbili ambayo haipo. Nikaongeza, "Lakini Jumapili atakuambia mwenyewe, kwa hiyo jifanye hujui," kana kwamba mtu unaweza kumwekea kaa la moto kiganjani ukamwambia alishike mpaka Jumapili.

Fundi alitoa mguu kwenye pedali. Alilikunja lile gauni vizuri sana, mara nne, akaliweka juu ya kabati. Mimi nikasema nimeacha sufuria jikoni, nikaondoka. Hapakuwa na sufuria yoyote motoni.

Jioni ile nilisikia sauti yake kutoka nyumba ya tatu, na sikusikia ya Kasuku hata mara moja. Jumamosi asubuhi jirani wa katikati akaniambia mtoto ameondoka na basi la kwanza kwenda kwa shangazi yake, mji mwingine, na begi moja.

Jumapili binti yangu aliamka, akaoga, akavaa nguo za kutokea. Akakaa sebuleni, simu mapajani. Hakuwa anajua lolote. Nilipika chai akaisahau ikapoa. Saa nne, saa sita, saa nane. Kila gari likipita anainua kichwa. Mara moja akaniambia, "Leo kuna mtoto ana kazi ngumu, mama. Muombee," na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kuniambia chochote. Nikasema, "Namuombea." Nikaenda jikoni nikafungua bomba nisisikie pumzi yangu.

Saa kumi akaenda mwenyewe kwa fundi. Akarudi haraka. Mlango ulifungwa usoni pake.

Jumatatu fundi alikwenda shuleni. Alisimama kwenye baraza mbele ya ile stoo ya zamani, wakati wa mapumziko, wanafunzi wamejaa. "Nani hapa anawashauri watoto watoroke shule? Mtoto wangu alidanganya wiki nne, na mwalimu anajua, anakunywa naye chai!" Binti yangu alimkaribisha ndani, akakataa. Mkuu wa shule alipotoka, watoto walishasikia wanachotaka kusikia. Wao hawakujali kama mwalimu alificha. Walichoshika ni kwamba Kasuku alisema mambo yake kwa Taratibu, na kabla ya siku yake mama yake akawa nayo yote.

Hapo viti viwili vikabaki vitupu. Binti yangu akaanza kurudi saa tisa. Alisahihisha madaftari ya wenzake ili awe na la kufanya. Wiki ya pili aliitwa ofisini. Mkuu akamwambia kama hakuna mwanafunzi anayekwenda, chumba kitarudishiwa mipira, na yeye arudi kwenye hesabu. Hili sikuambiwa naye. Aliniambia mpishi wa shule, tulipokutana sokoni.

"Miaka yote ile, dada," mpishi alisema, "na sasa anakaa mle peke yake kama mgonjwa anayengoja daktari."

Siku hiyo nilimngoja mezani. Alikula kidogo, akaweka kijiko.

"Mama, mbona siku hizi huniulizi habari za kazini?"

Nikasema, "Nilimwambia mimi."

Hakuuliza nani wala nini. Aliuliza tu, "Ulisikia kutoka wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo."

Akageuka akatazama dirisha, kama anaona sasa hivi kwamba lipo pale.

"Ulijua ile Jumapili nimekaa sebuleni?"

"Nilijua."

"Tulibakiza siku mbili, mama."

"Mimi ni mama. Nilimhurumia mama mwenzangu."

"Najua. Ungemhurumia zaidi kama ungemwacha aambiwe na mwanawe." Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Aliosha vyombo vyote, hata visivyokuwa vichafu, akaenda kulala jua bado halijazama vizuri.

Kesho yake asubuhi aliomba dakika mbili mstarini. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na masikio wazi, ndiyo maana najua. Aliwaambia wanafunzi wote: "Neno la mwenzenu halikutoka chumbani kwangu. Lilitoka nyumbani kwangu. Nilimsikiliza mahali ambapo sikupaswa kumsikiliza, na kosa hilo ni langu. Sitawaomba mniamini. Nitakuwa mle ndani kila siku mpaka saa kumi, basi." Hakunitaja. Kwa wanafunzi mia saba alisema kosa ni lake.

Jumamosi alipanda basi kwenda kwa shangazi wa Kasuku. Mara ya kwanza mtoto alikataa kutoka chumbani. Mara ya pili alitoka akakaa, hakusema. Mara ya tatu sijui, sikuambiwa, na sikuuliza.

Mimi niliandika barua. Nilikaa nayo siku tatu, nikaiandika upya mpaka herufi zikanyooka, nikaomba msamaha kwa Kasuku kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Nilimpa binti yangu aipeleke. Aliisoma akiwa amesimama, akaifunga kwenye bahasha.

"Ni barua nzuri, mama."

"Utampa?"

"Nitamuuliza kwanza kama anaitaka."

Aliporudi aliniwekea mezani, bahasha haijafunguliwa. "Amesema siyo sasa. Amesema akisoma itabidi akusamehe, na bado hajafika huko." Akaona uso wangu. "Barua hii inakutuliza wewe, mama. Yeye ana kazi nyingine kwa sasa."

Mwanafunzi wa kwanza kurudi kwenye ile stoo alirudi baada ya mwezi na nusu. Najua tu kwa sababu siku hiyo binti yangu alifika nyumbani saa kumi na mbili.

Kasuku alifanya mtihani mwaka uliofuata, kule kwa shangazi, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Haya nayajua kutoka kwa fundi, kwa sababu tunaongea tena, ingawa si kama zamani. Tunaongea tukiwa tumesimama. Hesabu alifeli. Mengine alipita. Sasa anajifunza ufundi wa friji, na kumbe ana mkono mzuri, haugandi kabisa. Fundi aliponiambia hilo alicheka, halafu akaacha. "Unajua nilichokukasirikia?" akasema. "Si kwamba uliniambia. Ni kwamba uliniwashia moto ukaenda zako. Ungekaa hata nikulilie wewe kwanza, mtoto angenikuta nimepoa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Bado ninayo.

Ofisi ya elimu ilikuwa imemtaka binti yangu muda mrefu awe mshauri wa shule sita za wilaya nyingine, azungukie shule, afundishe na walimu wenzake namna ya kusikiliza. Alikuwa amekataa mara mbili. Sikujua kwamba alikataa kwa ajili yangu. Safari hii alikubali. Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Ni kazi anayoitaka. Kila alichowahi kufanya, kuanzia wale tisini na wanne mpaka mashuka ya bweni, kinahitajika huko. Halafu akasema, "Na nahitaji nyumba ambayo mtoto akibisha hodi naweza kumfungulia."

"Ndiyo, mwanangu," nikasema.

Nilikwenda naye kumpangia nyumba. Vyumba viwili na baraza, choo nje. Nilifagia, nikatundika pazia, nikapanga vyombo vyake vinne ambavyo vilichukua nafasi ndogo mno kabatini. Jumatatu nikamsindikiza mpaka shule ya kwanza, maana kituo cha basi langu kilikuwa hapohapo. Chumba alichopewa kilikuwa mwisho wa jengo, madirisha wazi. Nilikaa kwenye benchi nje na mkoba wangu, basi lilikuwa la saa tano.

Haukupita muda akaja msichana mmoja, soksi moja juu moja chini. Alisimama mbali, akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Shikamoo. Wewe pia unamngoja?"

"Marahaba. Hapana, mimi ni mama yake."

Alirudi nyuma hatua moja. "Kwa hiyo akitoka kazini anakusimulia wewe."

"Hanisimulii."

"Hata kidogo?"

"Miaka minne sasa. Hata jina la mtoto mmoja silijui."

Alinichunguza, na nilimwacha anichunguze. Kisha akavuta ile soksi, akabisha, akaingia. Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia binti yangu anasema, "Taratibu," na yule mtoto akaanza, na kwenye benchi pale kila neno lilikuwa linafika.

Nilichukua mkoba wangu nikaenda kukaa getini, kwenye jua, nikangoja basi huko.